Mwezi Mweusi wa Oldupai na Maswali Mengine ya Picha za Setilaiti

Katika toleo lililopita tulichapisha makala fupi iliyowaelekeza wasomaji namna ya kutazama nchi yao kutoka juu, kwa kutumia picha za setilaiti zinazopatikana bure kwenye intaneti. Barua zilizofuata zilikuwa nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo, na kadhaa ziliuliza jambo lile lile kwa maneno tofauti. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi, tukazifupisha na kuyaacha majina ya walioziandika.

Ndugu Mhariri, kaskazini mwa Korongo la Oldupai nimeona alama nyeusi yenye umbo la mwezi mwandamo. Nilipofungua picha za miaka ya nyuma, alama hiyo hiyo ilikuwa upande wa mashariki zaidi. Je, picha zimepangwa vibaya, au kuna kitu kinachotembea? (Mwanafunzi wa chuo, Mwanza)

Kuna kitu kinachotembea, ingawa shaka yako juu ya upangaji wa picha nayo ina msingi, na tutaifikia.

Alama hiyo ni mchanga unaohama, yaani tuta la majivu ya volkano lililo ndani ya Eneo la Hifadhi la Ngorongoro, ambalo Wamaasai wa huko huliheshimu na waongoza watalii hulijua vizuri. Kwenda juu linafikia takriban mita 9, na kutoka ncha moja hadi nyingine ni kama mita 100. Majivu yake yalirushwa na Ol Doinyo Lengai, volkano iliyo upande wa kaskazini-mashariki, na yana chembe nyingi za madini ya chuma yenye usumaku. Hizo ndizo zinazolipa tuta weusi wake katikati ya uwanda wa nyasi kavu, na ndizo zinazosaidia punje zishikamane badala ya kutawanywa na upepo.

Umbo la mwezi mwandamo lina sababu yake. Upepo unaovuma kutoka mashariki husukuma punje zipande mteremko mpole wa upande wake, kisha punje hizo huporomoka kwenye mteremko mkali wa upande wa pili, na kwa kuhamisha punje kutoka nyuma kwenda mbele namna hiyo tuta zima husogea. Sehemu za pembeni ni nyembamba, zina mzigo mdogo wa kuhamisha, kwa hiyo hutangulia, wakati katikati pakiwa pamenenepa na kubaki nyuma. Ndipo zinapotokea pembe mbili zinazoelekea kule tuta linakokwenda. Maana yake ni kwamba hata ungekuwa na picha moja tu, bila ya zamani ya kulinganisha, ungeweza kusema kwa uhakika kwamba tuta linaelekea magharibi. Kanuni hiyo hiyo inafaa kwa matuta yote ya namna hii, yawe ya Sahara, ya pwani ya Namibia au hata ya sayari ya Mirihi.

Mwendo wake unakadiriwa kuwa takriban mita 17 kwa mwaka, na pale penyewe pamewekwa alama zinazoonyesha lilikuwa wapi miaka iliyopita. Ukitaka kulipima mwenyewe, fungua programu ya Google Earth kwenye kompyuta, bonyeza kitufe chenye alama ya saa ili upate picha za zamani, kisha weka pini kwenye ncha ya pembe moja katika picha ya kwanza na kwenye ncha ile ile katika picha ya mwisho.

Hapa ndipo shaka yako inapohitajika. Picha mbili za mahali pamoja, zilizopigwa na setilaiti tofauti, huweza kupishana kwa mita kadhaa zinapolazwa juu ya ramani. Kwa hiyo kabla ya kupima tuta, pima kwanza kitu ambacho unajua hakitembei, kama vile ukingo wa korongo dogo au mahali njia mbili zinapokutana. Kikionekana nacho kimesogea mita 8, toa hizo mita 8 katika hesabu yako kwa kuzingatia zinaelekea upande gani. Kwa sababu hiyo hiyo usilinganishe picha za mwaka mmoja unaofuatana na mwingine, maana kosa laweza kukaribia mwendo wenyewe. Chukua zilizoachana kwa miaka kumi, ambapo tuta litakuwa limesogea karibu mita 170, na kosa la mita chache halitakusumbua.

Mhariri, shikamoo. Kijana wangu anasema setilaiti inaniona ninapoanika nguo uani, na kwamba picha hizo ni za saa hiyo hiyo. Ni kweli? (Mama wa nyumbani, Mombasa)

Marahaba. Si kweli. Picha unazoziona kwenye programu hizo zimeunganishwa kutoka siku nyingi tofauti, na yako moja huenda ina umri wa miezi au miaka. Tarehe huandikwa chini ya picha, lakini watu wachache huisoma.

Kuhusu uwezo wa kuona, setilaiti za Sentinel-2 za Umoja wa Ulaya, zinazozunguka kwenye kimo cha kilomita 786, hupiga picha ambazo nukta moja, yaani chembe ndogo kabisa ya picha, ni mraba wa mita 10 kwa 10 ardhini. Uani mwako mzima ungeweza kuwa nukta moja, pamoja na kamba, nguo na jirani. Landsat ya Marekani, iliyoanza kazi mwaka 1972 na ambayo picha zake zimekuwa za bure tangu 2008, nukta yake ni ya mita 30. Setilaiti za biashara hufikia takriban sentimita 30, na kwa hizo nguo zilizoanikwa zingeweza kuonekana kama doa jeupe. Anayezianika hangetambulika. Kimondo cha Mbozi kule Songwe, chuma kutoka angani chenye urefu wa takriban mita 3, kinapotea kabisa katika picha za Sentinel.

Ninafundisha Jiografia. Niliwaonyesha wanafunzi Mlima Suswa kutoka juu, na darasa zima likasema mfereji unaozunguka katikati ni ukuta ulioinuka. Niliwasahihisha, lakini nami nikiutazama sana nauona ukuta. Tatizo ni nini? (Mwalimu, Kajiado)

Mwalimu, umechagua mfano mzuri mno, kwa sababu Suswa ni miongoni mwa maumbo ya ajabu zaidi katika Bonde la Ufa na picha yake ya kutoka ardhini haielezi kitu. Ndani ya kasoko ya nje, yaani shimo kubwa la volkano, lenye upana wa takriban kilomita 10, mna kasoko nyingine iliyozungukwa na handaki refu la mviringo, na katikati ya handaki hilo umebaki mwamba mkubwa ulioinama kidogo, kama kisiwa ambacho maji yake yamekauka. Anayesimama ukingoni huona kipande tu. Mviringo wote huonekana na ndege na setilaiti.

Kosa la wanafunzi wako halitokani na ujinga. Macho ya binadamu yamezoea mwanga unaotoka juu, kwa hiyo akili inapoona kivuli kwenye picha huchukulia kwamba mwanga uko upande wa juu wa karatasi. Ikiwa ukweli ni kinyume, shimo hugeuka kilima na kilima hugeuka shimo. Katika nchi za kaskazini ya mbali tatizo hilo lipo mwaka mzima, kwa kuwa jua lao daima liko kusini, yaani chini ya picha. Kwetu sisi tulio karibu na ikweta mambo hubadilika kwa majira. Setilaiti nyingi za kupiga picha hupita juu yetu kati ya saa nne na saa tano asubuhi, jua likiwa upande wa mashariki. Mwezi Juni linakuwa kaskazini-mashariki na vivuli vinaangukia kusini-magharibi, hivyo picha inasomeka ilivyo, lakini mwezi Desemba linakuwa kusini-mashariki, vivuli vinapanda kuelekea juu ya picha, na Suswa yako inageuka nje ndani. Nadhani picha uliyowaonyesha ilipigwa kati ya Novemba na Januari. Tafuta ya Juni au Julai. Ukiikosa, igeuze picha kichwa chini, na handaki litarudi kuwa handaki mbele ya macho ya darasa.

Mfano unaojulikana sana wa hali hii uko jimbo la Alberta nchini Canada, karibu na mji wa Medicine Hat, ambako mwaka 2006 mtu mmoja aliyekuwa akipitia Google Earth aliona uso wa binadamu aliyevaa taji la manyoya ya ndege, na hata waya wa kusikilizia muziki ukining'inia sikioni. Taji na uso ni mabonde yaliyochongwa na maji ya mvua katika udongo laini, kwa hiyo pua inayoonekana kuchomoza kwa hakika imebonyea. Waya ni barabara inayoishia kwenye kisima cha mafuta.

Kwa nini wanasayansi hawakubali kwamba lile Jicho la Sahara ni mji wa Atlantis uliozama? Duara zile haziwezi kujipanga zenyewe. (Msomaji, Nairobi)

Zinaweza, na zilijipanga. Umbo la Richat, karibu na mji wa kale wa Ouadane nchini Mauritania, lina upana wa takriban kilomita 40, na lilipata umaarufu baada ya wanaanga wa chombo cha Marekani cha Gemini 4 kulipiga picha mwaka 1965. Wengi walidhani kwanza kwamba ni kovu la kimondo, dhana ambayo ilikuwa na maana kwa wakati wake, lakini waliokwenda kuchunguza miamba hawakukuta dalili za kishindo cha namna hiyo. Walichokuta ni tabaka za miamba zilizosukumwa kutoka chini na joto la volkano mpaka zikatuna kama kuba, kisha kuba hilo likaliwa na upepo na maji kwa mamilioni mengi ya miaka. Kitunguu kikikatwa kichwa huonyesha pete. Na kuba la tabaka likikatwa na mmomonyoko huonyesha pete vile vile, miamba migumu ikibaki kama kingo na laini ikibaki kama mitaro kati yake.

Mji wenye upana wa kilomita 40 ungeacha vigae, majivu ya mioto, mifupa, kuta. Tunakushauri uielekeze hamu hiyo kwenye magofu ya kweli yanayongoja watu wa kuyajali, kama vile Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa kaskazini mwa Tanzania, ambako jamii ya wakulima ilijenga matuta ya mawe na mifereji ya kumwagilia mashamba kuanzia karibu karne ya 15, kisha ikapahama. Mistari ya mashamba yao bado ipo, na haihitaji hadithi ya kuongezewa.

Sisi tulio huku Muscat tunasafiri sana kwa ndege. Juu ya Saudi Arabia naona duara za kijani jangwani, na kwenye picha za setilaiti nimeona pia mistatili mirefu ya mawe. Ni vitu vya zama moja? (Msomaji, Muscat)

Vimetengana kwa takriban miaka 7,000.

Duara za kijani ni mashamba. Katikati ya kila moja kuna kisima, na kutoka kisimani hutoka bomba refu lililobebwa na magurudumu, linalozunguka polepole likinyunyiza maji. Panapofikiwa na bomba pana mazao, pasipofikiwa pana mchanga. Kufra nchini Libya kuna nyingi za namna hiyo, kila moja ikiwa na upana wa karibu kilomita moja, na maji yake ni ya kale, yaliyojikusanya chini ya ardhi wakati Sahara ilipokuwa na mvua. Ukipitia picha za miaka mfululizo utaona baadhi ya duara zikififia, na mimi huziona hizo zilizofifia kuwa na habari zaidi kuliko zile za kijani.

Mistatili ya mawe iliyo kaskazini-magharibi ya Saudi Arabia ni kazi ya wafugaji wa zamani sana. Imeorodheshwa zaidi ya elfu moja, mingine ikiwa na urefu wa mamia ya mita, ingawa kuta zake ni fupi kiasi kwamba mtu angeweza kuzipita bila kushangaa. Wachimbuaji wamekuta humo pembe na mafuvu ya ng'ombe, jambo linaloelekeza kwenye ibada.

Kuna pia wale wanaoandika jangwani ili wasomwe kutoka juu. Sheikh mmoja wa Abu Dhabi aliamuru jina lake, HAMAD, lichimbwe kwenye kisiwa cha Al Futaisi kwa herufi zenye urefu wa karibu kilomita moja. Baada ya picha zake kuenea duniani herufi hizo zilifutwa, na leo utaziona katika picha za zamani tu.

Je, yupo aliyewahi kugundua jambo la maana kwa kukaa kwenye kiti na kutazama picha hizi? (Karani, Bujumbura)

Wapo. Mwaka 2008 Vincenzo De Michele wa Italia aliona kwenye Google Earth shimo la duara kusini mwa Misri, karibu na mpaka wa Sudan. Watafiti walipofika Februari 2010 walikuta kasoko ya kimondo yenye upana wa mita 45, pembeni kukiwa na vipande vya chuma vilivyotawanyika. Inaitwa Kamil. Kasoko ndogo kama hiyo kwa kawaida hufutwa upesi na upepo na mvua, na jangwa lile ndilo lililoihifadhi.

Lakini mfano ambao ningependa uukumbuke uko kwa jirani zetu wa Msumbiji. Mwaka 2005 Julian Bayliss, akishirikiana na wataalamu wa bustani ya mimea ya Kew ya Uingereza, alikuwa akitafuta kwenye picha za setilaiti milima mirefu yenye misitu kaskazini mwa nchi hiyo, akaona kijani kizito juu ya Mlima Mabu. Msafara mkubwa ulikwenda mwaka 2008, ukakuta msitu wa mvua wa takriban hekta 7,000 wenye vinyonga, nyoka na vipepeo ambavyo sayansi haikuwa imeviandika. Magazeti ya Ulaya yaliuita msitu uliogunduliwa na kompyuta. Wanakijiji walio chini ya mlima huo walikuwa wakiwinda humo siku zote, na wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe walijificha humo pamoja na watoto wao. Kilichogunduliwa mwaka 2005 ni kwamba watu wa mbali hawakuwa wamewauliza.

Bayliss huyo huyo aliona mwaka 2012 kijani kingine juu ya Mlima Lico, ambao kuta zake za mwamba zimesimama wima kiasi cha kuhitaji kamba na wapanda milima stadi. Msafara ulipofika kileleni mwaka 2018, pamoja na msitu ambao haujaguswa na shoka, walikuta vyungu vya kale. Kuna aliyefika huko kabla yao bila setilaiti wala kamba za nailoni.

Mimi ni mstaafu. Katika kupitia picha za mkoa wetu nimeona miraba mikubwa iliyopangwa sawasawa chini ya vichaka, na mistari iliyonyooka kama rula ikipita kati yake. Nina hakika ni mji wa kale. Nimpelekee nani habari hii? (Msomaji, Tanga)

Mzee wetu, kabla ya kuipeleka popote, waulize wazee wenzako kama hapo hapakuwa na shamba la mkonge. Zao hilo liliingizwa na Richard Hindorf mwaka 1893, na katika karne iliyofuata sehemu kubwa ya mkoa wako iligawanywa katika miraba ya mkonge yenye njia na reli ndogo za kubebea majani. Mashamba mengi yameachwa na vichaka vimerudi, lakini mipaka haijafutika, kwa sababu udongo ulioshindiliwa na matoroli kwa miongo mingi hauoti mimea kama udongo wa pembeni. Miji ya kale ya pwani yetu haikupangwa kwa rula. Vichochoro vyake vimejikunja, na magofu yake hutokea kama vipande vya kuta vilivyokaribiana, mara nyingi karibu na ghuba yenye maji matulivu.

Ikiwa wazee watakana kuwapo kwa mkonge, fungua picha ya pili kutoka chanzo tofauti, kwa mfano tovuti ya Copernicus, ambako Sentinel-2 ina picha za eneo lako za kila baada ya siku chache tangu 2015, ukichagua miezi ya kiangazi ambapo mawingu ni machache na nyasi zilizokauka huonyesha vizuri kilichofukiwa chini yake. Alama inayoonekana katika picha moja tu na kukosekana katika nyingine huenda ni kosa la kuunganisha picha. Hata ramani zenyewe hukosea: kisiwa kiitwacho Sandy, karibu na New Caledonia, kilichorwa kwenye ramani kwa zaidi ya karne moja na kikaonekana hata kwenye Google Earth, mpaka Novemba 2012 meli ya utafiti ya Australia ilipopita mahali hapo ikakuta bahari yenye kina cha zaidi ya mita 1,300.

Alama ikibaki pale pale baada ya hayo yote, andika latitudo na longitudo yake, tarehe za picha ulizotumia, vipimo vya miraba miwili au mitatu na majina ya vijiji vya karibu, kisha uipeleke barua hiyo Idara ya Mambo ya Kale iliyo chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Wasomaji wetu wa Kenya waipeleke Makumbusho ya Taifa. Usiitangaze sehemu yenyewe kwenye mitandao ya kijamii, kwa kuwa wanaosaka dhahabu na vyungu vya kuuza nao hutazama picha hizi hizi, na wao huja na majembe kabla ya idara kuja na madaftari.